Nyasi Zilizotemwa

Punda alikuwa amenona. Hilo tu ndilo lililomrudisha mpelelezi kwenye banda la farasi asubuhi ile, ilhali mkuu wa kituo alikwishasema kesi imeiva na mtuhumiwa apelekwe mahakamani kesho kwa shtaka la kuua.

Kituoni walimwita Kobe, kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote, hata kupiga chafya. Alisimama mlangoni mwa banda, mikono nyuma, akitazama. Farasi watatu wazee walisimama vichwa chini. Mbavu zao zilihesabika, na mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza chini ya ngozi kama vigingi chini ya turubai. Kando yao, ndani ya banda lile lile, alikuwepo punda wa makamo mwenye tumbo la duara na manyoya yanayong'aa.

"Koplo," akasema, "hawa wanakula wapi?"

"Si hapo hapo, afande. Hori moja, wote."

"Na hori lina nini?"

Koplo akachungulia. "Nyasi kavu. Limejaa hadi juu."

"Basi niambie kwa nini mmoja ana kitambi na watatu wanakufa njaa."

"Labda punda ana roho mbaya. Anawafukuza."

"Punda mmoja, farasi watatu?"

"Afande, mimi nina shemeji mmoja. Akija nyumbani, watu sita tunalala njaa."

Kobe hakucheka, lakini alimtazama punda kwa muda zaidi. Punda alikuwa anatafuna upande mmoja wa hori, na farasi mkubwa wa kijivu alikuwa upande wa pili. Hapakuwa na ugomvi wowote kati yao.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwenye banda alikuwa bibi mjane aliyechukua farasi waliozeeka, wale ambao wenyewe walikuwa wamewachoka, akawatunza mpaka wafe kifo chao. Aliishi mwisho wa barabara ya vumbi, na wageni hakuwa nao. Sasa hakuonekana. Mpwa wake, aliyekuwa akikaa naye, alikuja kituoni kutoa taarifa. Alisema mtunza farasi, ambaye mvua zilipoanza aliondoka kwenda kumuuguza mama yake mji mwingine, alirudi wiki iliyopita akagombana na bibi getini, na jioni ile ile bibi akapotea. Kabla ya hapo, alisema, shangazi yake alikuwa mzima, akiwalisha farasi wake kwa mkono wake mwenyewe. Yeye mpwa hakuwahi kushika hata beleshi.

Majirani walithibitisha kwamba walimsikia mtunza farasi akipiga kelele getini. Ufunguo wa ghala la bibi ulikutwa mfukoni mwake. Mwili haukupatikana, lakini mkuu wa kituo alisema mtu akibanwa vizuri mwili hujitokeza wenyewe.

Daktari wa mifugo aliingia akiburuta sanduku lake, mama mnene mwenye mabuti ya mpira hadi magotini. Alipowaona farasi, alisimama.

"Nani amewafanya hivi?"

"Ndiyo maana nimekuita uniangalizie, dada."

Daktari alimshika farasi wa kijivu shavuni, akamnong'oneza, kisha akamtia mdomoni chuma cha kutanulia kinywa na kukikaza taratibu. Harufu ikatoka, kama ya nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Koplo akakumbuka kwamba ameacha kitu kwenye gari.

"Nimulikie tochi. Ndani zaidi. Usiogope, hana nguvu ya kung'ata."

Kobe alimulika. Magego ya juu yalikuwa yamelika upande mmoja, yakabaki na makali kama chupa iliyovunjika, na makali hayo yalikuwa yamechimba vidonda ndani ya shavu. Fizi zilikuwa zimerudi nyuma, nyekundu iliyopiga weusi. Kati ya jino na jino kulikuwa na pengo, na ndani ya kila pengo nyasi zilikuwa zimejishindilia na kuoza. Daktari aliingiza kibanio, akavuta shada moja. Usaha ukafuata. Farasi alitetemeka mwili mzima, lakini hakuinua hata kwato.

"Jino hili linacheza," daktari alisema, akiligusa kwa kidole. "Na hili. Hili limekwishang'oka, limebaki shimo. Ugonjwa wa fizi. Akitafuna, kila unyasi ni sindano."

"Ni ugonjwa wa wiki moja?"

"Wa miaka, kaka. Ninaujua. Mwaka jana nilikuja na tupa yangu nikayasawazisha meno yao wote watatu. Nikamwambia bibi, magego yamekwisha, hayarudi. Ukiwapa nyasi kavu unawaua."

"Akasema nini?"

"Akasema atawalowekea. Na aliwalowekea kweli. Nilipita hapa kabla mvua hazijaanza, nikawakuta wana mwili. Huyu wa kijivu alikuwa na makalio kama ya mke wa tajiri." Alilegeza chuma, akakitoa. "Mdomo ule ule, fizi zile zile mbovu. Ila walikuwa wanakula uji."

"Kukonda kutoka pale hadi hapa kunachukua muda gani?"

"Msimu mzima. Si kazi ya wiki." Alifuta mikono. "Huyu wa kijivu siwezi kukuahidi kitu. Hawa wawili nitajaribu."

Punda, alieleza alipoulizwa, alikuwa na meno yake yote. Kwake hori lile lilikuwa sherehe.

Kobe alichuchumaa chini ya hori. Sakafu pale ilikuwa na rundo la vitu alivyovidhania jana kuwa kinyesi. Aliokota kimoja. Kilikuwa tonge la nyasi, la ukubwa wa yai, lililosokotwa kwa mate na kutemwa. La juu lilikuwa bado na ubichi. Alichukua kijiti akafukua. Chini yake matonge yalikuwa ya kahawia, chini zaidi meusi, na chini kabisa, karibu na saruji, yalikuwa yameshikana kuwa kitu kimoja chenye ukungu mweupe.

"Wanatafuna, wanashindwa, wanatema," daktari alisema juu ya kichwa chake.

"Bibi angeyaona haya?"

"Bibi angeona moja tu angenipigia simu. Usiku au mchana."

Kobe alienda nyuma ya banda, kwenye ghala. Ndoo za kulowekea zilikuwa zimepangwa ukutani, kubwa, za bati. Aliinamisha ya kwanza. Ndani, kwenye kona ya kitako, nyigu wa udongo walikuwa wamejenga. Vyumba vyao vilikuwa vimekauka, na kila kimoja kilikuwa na tundu. Watoto walikuwa wameshakua wakatoboa na kwenda zao. Aliinamisha ya pili. Nayo hivyo hivyo. Akazirudisha kama alivyozikuta, akamwambia koplo azipige picha, kisha akafunga tonge moja ndani ya kitambaa.

*

Mtunza farasi alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, viatu vyake vimewekwa pembeni kwa unadhifu kama yuko msibani. Kobe alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Kaka yangu, sikuulizi tena mambo ya getini. Niambie bibi alikuwa anawalisha nini farasi."

Mtu yule aliinua macho. Katika siku zote alizokuwa mle, hili lilikuwa swali la kwanza alilolielewa.

"Pumba, na chakula chao cha vidonge, na nyasi zilizokatwakatwa ndogo. Vinalala kwenye maji tangu jioni. Asubuhi ni uji."

"Analoweka nani?"

"Mama mwenyewe. Mimi nabeba maji tu. Kwenye kuloweka hakumwamini mtu. Alikuwa anaonja kwa kidole, kama uji wa mtoto. Nikimcheka ananiambia, na wewe siku meno yako yakiisha utanikumbuka."

"Na mpwa wake?"

"Alihamia mimi nikiwa nafunga mzigo. Bandani alikuwa haingii. Alisema panamuumiza kichwa."

"Ufunguo wa ghala uliupataje?"

"Alinipa. Alisema nikirudi alfajiri nisimsumbue kugonga."

"Ulipokuwa kwa mama yako, mliongea naye?"

"Mwanzoni alipiga. Baadaye nikimpigia hapokei, ananijibu kwa ujumbe. Kaa na mama yako, usiwe na haraka. Nikajua amenikasirikia."

"Hayo si maneno ya mtu aliyekasirika."

"Afande, Mama haandiki. Macho hayaoni. Yeye anapiga, tena anaongea kwa sauti utadhani anaita mtu ng'ambo ya mto. Nikasema, kama sasa hata sauti yangu hataki kuisikia, nimekosea jambo kubwa. Ndiyo maana nilirudi."

"Getini ulimpigia nani kelele?"

"Niliwaona farasi kwa juu ya ukuta, wamekonda. Nikapiga kelele Mama atoke aniambie kuna nini. Akatoka yule bwana. Akasema Mama hataki kuniona."

"Yeye mwenyewe hukumwona?"

"Sikumwona." Alivitazama viatu vyake. "Afande, wanakula?"

Kobe aliinuka, akarudisha kigoda mahali pake.

*

Mpwa alikuja na shati lililopigwa pasi. Aliketi kabla hajakaribishwa, akaulizia mahakama itaanza saa ngapi kesho. Kobe alimimina maji, akasogeza glasi kwake.

"Kuna jambo dogo limejitokeza," alisema. "Daktari wa mifugo amewaona wale farasi. Anasema wamenyimwa chakula. Hilo nalo ni kosa, na wewe ndiye uliye pale nyumbani."

"Wamenyimwa?" Mpwa alicheka kidogo. "Afande, umefika pale. Hori si umeliona limejaa?"

"Limejaa kwa sababu ulijua tunakuja."

"Hapana. Hapana, hilo usinisingizie." Uso wake ulibadilika, hasira hii ilikuwa ya kweli, na Kobe aliiona hivyo. "Lile hori halijawahi kuwa tupu hata siku moja. Mimi mwenyewe nimebeba nyasi kila asubuhi, mvua inaninyeshea mgongoni, matope mpaka hapa." Alijigusa chini ya goti.

Kobe alitazama dirishani. Nje, vumbi lilikuwa limefunika majani ya ua mpaka yakawa rangi moja na barabara.

"Mvua ipi?"

"Ile... mvua. Iliyopita."

"Kwenye taarifa yako ulisema shangazi yako aliwalisha mwenyewe mpaka siku aliyopotea. Ulisema beleshi hujaligusa."

"Nilikuwa namsaidia. Mzee yule, mgongo ulikuwa unamsumbua."

"Hilo la maana. Kwa hiyo wewe unabeba nyasi, na yeye yupo."

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Anakaa pale bandani. Anawatazama wanavyokula. Ndiyo ilikuwa starehe yake."

"Kila siku?"

"Kila siku, afande."

"Na namna ya kuwalisha, alikufundisha yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Kobe alifungua kitambaa, akaliweka tonge mezani, karibu na glasi.

"Hiki ni kitu gani?"

"Sijui. Yamejaa pale chini. Nilidhani ni uchafu wa punda."

"Ni nyasi zako. Wale farasi watatu hawana magego, na fizi zimeoza. Nyasi kavu hawawezi kuzitafuna. Wanazisokota mdomoni, zinawachoma, wanazitema. Shangazi yako alijua. Daktari alimwambia mwaka jana, na kuanzia hapo alikuwa anawalowekea uji, anauonja kwa kidole. Sasa unaniambia mama huyo huyo alikaa pale mvua nzima, na jua lote hili, anawatazama wanatema chakula miguuni pake, na hakukwambia neno. Ndoo zake za kulowekea nyigu wamejenga ndani, wamezaa, wamehama. Yeye anatazama tu."

Mpwa hakumtazama. Alikuwa analitazama tonge. Alilisogeza kwa ncha ya kidole, likabiringika, likasimama.

"Kwa hiyo hawakuwa wanakula," alisema.

"Hawakuwa."

"Nilidhani ni uzee. Walivyozidi kukonda nikazidi kuwaongezea. Niliagiza nyasi nzuri, afande. Zile za kijani."

"Ungewauza."

"Watu wangeuliza. Mtu angepita akaona banda tupu angejua tu kwamba yeye hayu..."

Alifunga mdomo. Chumba kizima kilisikia neno ambalo hakulimaliza. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliacha kuegemea ukuta.

"Tangu lini?" Kobe aliuliza.

Kobe hakumharakisha, ndiyo kazi aliyoijua. Mpwa alikunywa maji yote, akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Mvua zilikuwa ndiyo zimeanza. Yule mtunzaji alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa nimemleta mtu na lori awachukue wale wazee, kwa machinjio. Mnyama amekwisha, afande, unamweka wa nini? Shangazi akamfukuza yule mtu. Lori likaondoka. Akanigeukia mimi, pale kwenye ngazi za ghala, akaniambia nifunge virago. Akanishika hapa kwenye shati. Nilimsukuma aniachie. Nilimsukuma tu."

"Ukaita daktari?"

Mpwa aliizungusha glasi mikononi.

"Simu yake ulikaa nayo wewe."

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya banda kulikuwa na shimo. Lilikuwa limeshachimbwa, la yule farasi mkubwa wa kijivu. Ndiyo kawaida yao watu wa farasi, wanachimba mapema udongo ukiwa laini. Kiangazi ardhi ile ni jiwe, na farasi mfu huwezi kumwambia asubiri." Aliiweka glasi mezani, mbali na tonge. "Lilikuwa wazi, afande. Mimi nilifukia tu."

Kobe alimwagiza koplo amfunge pingu. Kisha akaenda ofisini kwa mkuu wa kituo, akasimama mbele ya meza, akamweleza kwa maneno machache. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akasema basi huyo wa mle ndani atolewe, na watu wa kufukua watafutwe kabla jua halijazama.

*

Kobe aliufungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Mtunza farasi alisimama upesi, akadhani ni safari ya mahakamani, akaanza kutafuta viatu.

"Uko huru," Kobe alimwambia. "Vaa taratibu. Kuna habari, na si nzuri."

Alimwambia wakiwa wamesimama. Alimwambia kuhusu lori, na ngazi, na kwamba haikuwa wiki iliyopita, ilikuwa tangu mvua. Mtu yule alisikiliza, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Midomo yake ilisogea.

"Kwa hiyo ule ujumbe..."

"Haukuwa wake. Hakukukasirikia."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali maelekezo ya njia.

"Amemweka wapi?"

"Nyuma ya banda. Kulikuwa na shimo limechimbwa kwa ajili ya farasi."

"Karibu na uzio? Upande wa mti uliokatwa?"

"Huko."

Mtunza farasi aliketi tena pale pale sakafuni. Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Kobe, na korido ilikuwa tupu.

"Hilo nililichimba mimi," alisema. "Kabla ya kuondoka. Lilipofika kifuani nikataka kutoka, nimechoka. Mama alikuwa amesimama pale juu na mwavuli wake. Akaniambia bado, ongeza kina, mbwa wasije wakamfukua. Nikanung'unika. Nikaongeza."

Mtunza farasi alikivaa kiatu cha pili.

"Ni refu, afande. Hao unaowatuma," alisema, akianza kufunga kamba za kiatu, "waambie wachukue ngazi."